Mashine ya Kobe

Kila siku wakitoka shule, Pilipili na Kobe waliingia kwa mlango wa nyuma wa saluni, wakavua sare, wakanawa mikono, kisha kila mmoja akashika kazi yake. Pilipili alifagia nywele zilizoanguka sakafuni. Kobe alifua taulo na kuzianika. Walikuwa na majina mengine ya shuleni, lakini ukiyataja hapo mtaani watu wangekuuliza unamtafuta nani. Pilipili aliitwa hivyo kwa sababu ya ulimi wake. Kobe naye hata kufungua mfuniko wa soda alikuwa na taratibu zake.

Mwenye saluni alikuwa mama yake Pilipili. Kobe alikuwa mtoto wa mama mdogo, ambaye alipata kazi mbali akamwacha binti yake kwa dada yake. Wasichana hao walilala chumba kimoja, nyuma tu ya saluni, na kusoma darasa moja. Waligombana, ndiyo, kama ndugu wote: leo blanketi, kesho zamu ya kuoga. Ugomvi wa kweli uliletwa na zawadi.

Walipofaulu mtihani wa mwisho wa mwaka, mjomba wao, dereva wa lori, aliwapeleka kwenye duka la fundi wa vyombo vya umeme.

"Kila mtu achague mashine moja ya gemu, hizi za kushika mkononi," alisema. "Ni za mtumba, lakini ni nzima. Na nisije nikasikia mtu analalamika tukishafika nyumbani!"

Fundi alikuwa mwanamama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na bisibisi haikumtoka mkononi hata alipokuwa akisalimia. Alitandika kitambaa kwenye kaunta, akazipanga mashine juu yake. Pilipili alitupa jicho mara moja tu. Kulikuwa na moja nyekundu, inang'aa, kioo chake hakina hata mkwaruzo.

"Hii ndiyo yangu!" alisema, akaikumbatia kabisa.

"Iwashe kwanza, mwanangu," fundi akamwambia. "Bonyeza vitufe vyote. Angalia kama inashika chaji. Halafu ingia kwenye mipangilio uone ina toleo gani la mfumo."

"Ya nini yote hayo? Si unaona ilivyo nzuri?"

"Haya, bibie. Mimi nimesema."

Kobe sasa! Aliwasha mashine moja, akaizima, akawasha nyingine, akasoma, akaitikia kwa kichwa kana kwamba inamwambia kitu. Mjomba alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Mwishowe Kobe akainua moja ya kijivu, iliyokwaruzika mgongoni vibaya sana, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Hii haijawahi kusasishwa?" aliuliza.

Fundi akavua miwani. "Umejuaje kuuliza hilo?"

"Nilisoma, shikamoo. Nataka kuweka gemu nitakayoitunga mwenyewe." Aibu ilimfanya achanganye salamu na jibu, mjomba akaangua kicheko.

"Marahaba. Basi umechagua vizuri," fundi alisema. "Zile zenye toleo jipya, waliozitengeneza wameziba mlango. Zinakubali gemu za dukani tu. Hii mlango wake bado upo. Nikikufungulia, utaweka gemu zako, au zile ambazo watunzi wake wanazigawa bure. Za wizi usiniletee hapa. Na usikie vizuri: kila ikipata intaneti, itakuomba uisasishe. Ukikubali mara moja tu, mlango umefungwa, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Akaufungua ule mlango, akakata kipande cha plasta nyeupe, akaandika kwa herufi kubwa USISASISHE, akakibandika mgongoni mwa mashine. Pilipili alicheka njia nzima. Mwenzake kapewa zawadi, kaenda kuokota chuma chakavu! Tena chenye plasta, kama kimetoka kushonwa!

Kicheko hicho hakikudumu. Ile nyekundu ilikuja na gemu moja ya mbio za magari, na Pilipili akaicheza mpaka akaichoka. Kobe yeye kila jioni alikaa kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni, akiandika maagizo na kuchora vipicha vidogo. Kisha aliviweka kwenye kadi ya kumbukumbu, akaichomeka kwenye mashine yake ya kijivu, akaiwasha, ikagoma, akarudi kwenye kompyuta. Alifanya hivyo wiki baada ya wiki bila hata kuguna.

Siku moja haikugoma. Ilikuwa gemu ya saluni. Wateja wanaingia, wewe unawaosha, unawachana, unawasuka, na ukichelewa wanafuka moshi kichwani. Mama alipoicheza alicheka hadi kitana kikamdondoka. Wateja waliokuwa chini ya mashine za kukausha nywele wakaanza kugombania zamu.

"Jamani, huyu mtoto ana akili!" alisema mmoja.

"Mfungeni kitambaa kichwani zisije zikamwagika," alisema mwingine, na saluni nzima ikacheka.

Hakuna aliyeiulizia ile nyekundu. Pilipili aliendelea kufagia, akiwapiga watu miguu kwa ufagio, na roho ikimuuma kwelikweli. Nani kamfundisha Kobe hata kuwasha hiyo kompyuta? Si yeye Pilipili? Na saluni ni ya mama wa nani?

"Mama, na mimi nimevunja rekodi kwenye mbio za magari," alisema.

"Hongera, mwanangu. Nisogezee hilo taulo."

Basi, ikawa ndiyo hivyo. Pilipili akanuna kuanzia hapo. Akiulizwa kitu anajibu kwa mkato, akisalimiwa na Kobe anajifanya hamnazo. Na kana kwamba hayo hayatoshi, mwalimu wa sayansi akatangaza kuwa Jumamosi, siku ya wazazi, Kobe ataonyesha gemu yake jukwaani. Mama mdogo aliposikia kwenye simu, alipiga vigelegele, akasema ameomba ruhusa kazini na atakuja. Kobe hakuwa amemwona mama yake tangu mwaka ulipoanza. Kwa siku kadhaa kila sentensi yake ilianza na "Mama akija".

Ijumaa alasiri Mama alimkalisha Kobe kwenye kiti cha wateja, akaanza kumsuka. Pilipili alisogea na kitana chake mkononi.

"Wewe nitakusuka keshokutwa," Mama alisema bila kugeuka. "Leo ni zamu ya mwenye shughuli. Hebu nenda kamchajie mwenzako mashine yake."

Pilipili akaenda chumbani. Alichomeka chaja, na kioo kikawaka: *Kuna toleo jipya. Sasisha sasa?* Chini yake kulikuwa na majibu mawili, Ndiyo na Baadaye. Alikuwa amemwona Kobe akibonyeza Baadaye mara nyingi mno. Aliigeuza mashine, akaisoma plasta, akaigeuza tena. Msije mkamtetea kwamba hakujua. Alijua vizuri kabisa. Kutoka saluni alisikia sauti ya Mama ikisema, "Utapendeza wewe, mpaka mama yako asikutambue!" Akabonyeza Ndiyo.

Kobe aliporudi na kichwa kilichosukwa vizuri, aliiwasha mashine ili afanye jaribio la mwisho. Alitafuta gemu yake. Akaizima, akaiwasha, akatafuta tena. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akasoma, akakaa kitandani taratibu.

"Imejisasisha," alisema. "Hapana, haiwezi kujisasisha. Ni mimi. Asubuhi niliiwasha nikiwa na haraka, labda nilibonyeza bila kuangalia. Mimi kweli wa kufanya kitu kwa haraka?" Akaanza kulia.

"Pole," alisema Pilipili. Alitegemea kufurahi. Hakufurahi hata kidogo.

Kobe alijifuta uso kwa kiganja. "Njoo, kuna kitu nilitaka ukione kesho pamoja na watu wote. Sasa kesho yenyewe haipo tena."

Wakaenda sebuleni. Kompyuta haikuweza kuichezesha ile gemu, ila picha zake zilikuwa humo. Kobe akafungua moja. Alikuwa msichana mdogo mwenye ufagio, mkono kiunoni, mdomo wazi.

"Nani huyu?" Pilipili aliuliza.

"Ala! Hujijui? Ni wewe. Yupo hatua ya mwisho, niliyoiongeza juzi. Wateja wamejaa mpaka mlangoni, wote wanafuka moshi. Ukimwita huyu, anapiga kelele, 'Haya, foleni isonge!' na wote wanatulia. Bila yeye mtu hashindi. Nimejaribu mimi mwenyewe."

Pilipili aliitazama ile picha. Hata jino lake lililopinda lilikuwepo.

"Niliyeisasisha ni mimi," alisema.

"Unanitania."

"Sikutanii. Nilipoenda kuchaji."

Kobe alisimama, kiti kikaanguka. "Uliisoma plasta?"

"Niliisoma."

"Kwa nini, Pilipili? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea! Kila mtu anakusifu wewe. Mama, wateja, mwalimu, wote wewe, wewe, wewe! Mimi nafagia tu!"

"Mama yangu anakuja kesho!" Kobe alipiga kelele, yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mama akatokea mlangoni, kitana bado mkononi. Alikuwa amesikia yote. Hakumpiga binti yake wala kumfokea.

"Kachukue mashine yako," alimwambia. "Twende kwa fundi kabla hajafunga."

Walimkuta fundi anashusha mlango wa duka. Akaupandisha tena. Alipoiona mashine ya kijivu alitikisa kichwa.

"Hapa ndipo niliposema sitakuwa na la kufanya, na sina." Akafungua droo, akatafuta, akatoa mashine nyingine iliyopasuka kila upande. "Ila ninayo hii. Ilianguka, kioo na kasha vimekufa. Bodi yake ya ndani ni nzima, na haijasasishwa. Nikipata kioo na kasha vinavyoingiana nayo, tunaweza kuzungumza."

"Vya mashine gani vinaingiana?" Mama aliuliza.

Fundi akaelekeza bisibisi yake kwa ile nyekundu. "Bodi ya hiyo itabaki kwangu, iwe malipo ya kazi."

Pilipili akaishika mashine yake kwa mikono miwili. Alimtazama Mama.

"Usiniangalie mimi," Mama alisema. "Ni yako, mjomba alikupa wewe. Sitakulazimisha."

Kobe alikuwa ameinamisha kichwa, hakuomba kitu. Pilipili akaiweka mashine nyekundu juu ya kaunta, akaisukuma upande wa fundi. Skurubu ya kwanza ilipotoka, machozi nayo yakamtoka, na hakujisumbua kuyaficha.

Kazi ilipokwisha na mlango wa bodi ile kufunguliwa, Kobe alichomeka kadi yake. Muziki wa gemu ya saluni ukaanza kulia mle dukani, safi kabisa. Fundi akaisogeza ile ya kijivu kwa Pilipili.

"Hii sasa ni yako wewe. Inacheza gemu za dukani bila shida."

Pilipili akaigeuza. Kwa kucha aliibandua plasta polepole isichanike, akaibandika mgongoni mwa ile nyekundu, akaikandamiza vizuri kwa kidole gumba.

Siku iliyofuata Kobe alisimama jukwaani. Mama mdogo alikaa mstari wa mbele, akipiga makofi hata pasipostahili. Hatua ya mwisho ilipofika na yule msichana wa ufagio akapaza sauti, darasa zima likageuka kumwangalia Pilipili. "Ni wewe! Lo, ni wewe kabisa!" Alicheka pamoja nao. Alipoona Kobe anakumbatiwa na mwalimu, roho ikamuuma tena kidogo. Aliacha iume, akaendelea kupiga makofi.

Jumapili Mama alitimiza ahadi, akamsuka.

"Na mimi nilikosea," alisema, akigawa nywele kwa kitana. "Nilimsifu mmoja, nikasahau kumwangalia wa pili. Hilo ni langu, nitalirekebisha. Sasa sikia la kwako. Kusikia wivu si kosa, mwanangu, unakuja wenyewe bila hodi. Ukikujia, njoo uniambie, hata ukiwa umenuna. Kosa ni kuukopesha kidole chako ukubonyezee. Ulitaka Kobe akose. Wewe ulipata nini?"



Wiki ile mteja mmoja aliyekuwa akisubiri zamu aliokota ile mashine ya kijivu kwenye kochi, akaitazama mgongo wake wenye mikwaruzo.

"Kuukuu hii ni ya nani?"

"Yangu," Pilipili alijibu, ufagio mkononi.

"Masikini! Na wewe mtoto mzuri hivyo! Nani alikuchagulia?"

Kule nyuma Kobe aliacha kufua, akasikiliza.

"Nilichagua mwenyewe," alisema Pilipili. "Haya, shangazi, inua miguu nifagie."