Kiti cha Dereva Kilirudi Nyuma

Tiit-tiit.

Mama Kibonge alikuwa amejilaza ubavu, mtoto kaachia ziwa na kulala mdomo wazi, ndipo alipoisikia. Sauti ndogo, ya adabu, ile ambayo gari lao hutoa likimtambua mwenye ufunguo anakaribia. Funguo za magari ya kifahari ya siku hizi hazichomekwi popote. Ufunguo unautia mfukoni tu, gari lenyewe linakuhisi, linajifungua milango, linakuwashia taa, linakunjua vioo vyake vya pembeni kama mnyama anayetega masikio.

Alichungulia dirishani. Gari jeusi pale uani, taa zinawaka, vioo vimekunjuliwa. Mtu hakuna. Mumewe alikuwa akikoroma ng'ambo ya kitanda, na ufunguo wake yeye ulikuwa ndani ya droo. Ule wa mume, ufunguo wa kwanza, ulipotea mara tu gari lilipokuja nyumbani.

"Baba Kibonge," alinong'ona akimtikisa bega. "Gari limejifungua."

"Betri hiyo. Lala."

Akalala, maana mwili wa anayenyonyesha ukigusa godoro hauna maswali. Asubuhi, akimbadilisha mtoto nepi, aliona alama mbili nyekundu mabegani, zimeshuka sawasawa mpaka kifuani, kama za mtu aliyefungwa mkanda. Nyayo zilikuwa za baridi. Nywele zilinuka maziwa yaliyoungua.

Alijiambia ni joto. Ni nguo iliyobana. Zile alama zikaja tena, na tena, na kila zilipokuja, usiku wake gari lilikuwa limelia.

"Kuna mtu kauokota ule ufunguo," alimwambia mumewe wakinywa chai. "Anakuja usiku kulijaribu. Tutengeneze mwingine, wa zamani ufutwe."

"Achana na mambo ya gari."

"Siku moja utakuta limekwenda na kiti cha mwanao."

Mumewe aliweka kikombe chini taratibu. "Nimesema achana nayo, mama."

Hakuwa mtu wa kusema hivyo. Alikuwa mshona viti vya magari, mpole, vidole vimejaa matundu ya sindano, miaka yote akipendezesha magari ya wenzake huku mkewe akipanda na kushuka kwa miguu na mimba yake. Halafu jioni moja akaja na gari hilo, eti mteja mmoja kaipenda kazi yake, kamwachia kwa bei ya kutupa. Nani huuliza bahati imetokea wapi? Yeye hakuuliza. Kilichomlainisha zaidi ni kile kiti cha mtoto cha kufunga nyuma ya gari, ambacho mumewe alikivisha ngozi kwa mkono wake mwenyewe, akimalizia kila ncha kwa ule mshono wake wa kurudi nyuma mara mbili kisha msalaba mdogo. Alimtambia sana dada yake. "Wanaume wengine nepi tu inawashinda, wangu anamshonea mwanawe kiti."

Basi mume aliposafiri kwenda kutafuta ngozi, yeye akampigia fundi wa funguo.

Fundi alikuja mchana kweupe na kompyuta yake begani, kijana mwenye maneno mengi. Alikagua kadi ya gari, akakagua na cheti cha ndoa, akaridhika.

"Maana haya magari, shem, yana wivu kuliko wake wenza," alisema akichomeka waya chini ya usukani. "Lete kila ufunguo ulio nao, uweke humu ndani. Usiokuwepo naufuta. Atakayeuokota atakuwa kaokota kipande cha plastiki cha kuchezea mtoto."

Aliuweka wake juu ya dashibodi. Kibonge alikuwa nyuma, kwenye kiti chake, anatafuna kidole na kucheka.

Fundi alitazama kompyuta, akakuna shingo. "Huo mwingine upo mkobani?"

"Upi? Ninao huo mmoja."

"Gari linasema ziko mbili. Zote ziko humu ndani."

"Labda limechanganyikiwa."

"Haya hayachanganyikiwi. Ngoja. Kila ufunguo una mkao wake, gari linakumbuka kiti na vioo vya mwenye nao. Nikiuita huo wa kwanza tutaona kama ni wa mzee." Akabonyeza.

Kiti cha dereva kilianza kurudi nyuma. Kikapita pale anapokaa mumewe, ambaye ni mfupi na hukaa karibu kuukumbatia usukani, kikazidi kurudi, kikanguruma polepole mpaka kikagota mwisho, mgongo ukalala, usukani ukapanda juu, kisha kile kioo cha pembeni kikageuka, kikainama, kikageuka tena kidogo kama mtu anayetafuta kitu, kikatulia kikiangalia dirisha la nyuma, na ndani ya kioo hicho Mama Kibonge akaona uso wa mwanawe, uso tu, umejaa kioo kizima.

"Mzee ni mrefu kiasi gani?" fundi aliuliza, sauti imeshuka.

"Ananifika hapa." Akagusa sikio lake.

Ndipo gari likaanza kulia, ting, ting, ting, mlio ule wa kumkumbusha dereva afunge mkanda, na kwenye kiti kitupu ngozi ilikuwa imebonyea katikati, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa mpaka ikamkaa kooni. Kibonge aliacha kucheka. Alinyoosha mikono yake miwili mbele, kama anavyomnyooshea mtu anayemjua.

Hakumbuki alivyofungua mlango. Alimchomoa mtoto, na mkono wake ukapita juu ya ngozi ya kiti kile, penye kigongo kigumu mahali pasipotakiwa kuwa na kitu. Kigongo kilikuwa kimeshonewa kwa ndani. Mshono wa kurudi nyuma mara mbili. Msalaba mdogo.

Aliung'ata uzi kwa meno. Ndani kulikuwa na ufunguo wa kwanza, umeviringwa kwenye soksi ya Kibonge iliyopotea, ambayo mama mtu aliitafuta nyumba nzima.

Alimpigia mumewe akiwa amesimama palepale uani.

"Uko kwenye kiti cha mtoto," alisema. "Umeushona wewe."

Mumewe akajibu kwa sauti ndogo sana: "Usimwambie fundi aufute."

"Ni nani anayekaa pale mbele, Baba Kibonge?"

"Gari ni lake. Mimi natunza tu. Hana mtoto, mama. Aliniomba awe anamtembeza usiku, basi. Akishika njia mtoto hata halii. Siku zote anamrudisha kabla hapajakucha."

"Siku zote."

"Si unamkuta kitandani?"

Alitaka kusema mambo mengi, kuhusu mabega ya mtoto, kuhusu zile asubuhi alizokuwa akizipasha nyayo zile kwa viganja huku baba mtu amekaa anakunywa chai anamtazama, anajua, anapuliza chai yake ipoe, lakini akasema moja tu.

"Na siku asipomrudisha?"

Mama Kibonge hakungoja jibu. Akakata simu, akamgeukia fundi, ambaye sasa alikuwa nje ya gari, kompyuta kaishika kwa urefu wa waya.

"Ufute."

Fundi akafuta. Akaingiza ufunguo mpya kutoka kwenye mkoba wake, na ule mlio wa mkanda ukakatika. Mlango wa dereva ukafunguka wenyewe, ukakaa wazi kwa muda wa mtu kushuka, kisha ukafungwa kwa upole, kama anavyofunga mtu aliyelelewa vizuri.

"Sikiliza, shem," fundi alinong'ona akikunja waya. "Huo wa zamani umekufa, lakini kadi ina jina la mumeo. Akiupeleka kwa fundi yeyote unafufuliwa, si kazi. Usimrudishie. Utupe pasipofikika." Akaondoka bila kudai hata pesa ya maji.

Yeye alibeba mtoto, akabeba funguo zote, akaenda kwa dada yake mkubwa, mji huohuo, mtaa wa mbali. Alimweleza yote kwa pumzi moja, jikoni, mlango umerudishwa. Dada alilia naye. Alimpokea Kibonge, akamwosha, akamvalisha fulana ya wanawe.

"Lete huo ufunguo," alisema dada. "Nitautumbukiza chooni mwenyewe. Hapa hakuna anayejua uko wapi. Lala, mdogo wangu. Umechoka."

Mama Kibonge akampa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mchana kiganja chake kuwa kitupu, na usingizi ulimchukua kama mzigo unavyotuliwa.

Jioni ya siku ya pili, wakichambua mboga, aliuliza tu, kama anayeuliza chumvi. "Dada, ule ufunguo uliutupa?"

Dada aliendelea kuchambua. Majani yakaisha mkononi, akaendelea kuchambua vijiti.

"Baba Kibonge alikuja mchana ulipokuwa umelala," alisema mwishowe. "Alilia mlangoni kama mtoto. Akasema mwenye gari akidai ufunguo wake akaukosa, ataingia kwa njia nyingine. Na si ulisema umekufa? Nikaona ni kitu kilichokufa tu, nikampa." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nyumba hii anailipia kodi mumeo, hukujua? Ungeniuliza hilo kwanza, ningekuambia."

Chumbani, Kibonge alikuwa amelala. Dada mtu alisogea karibu, akamshika mdogo wake mkono, na harufu ile ikapita kati yao wawili, hafifu, kama sufuria iliyosahaulika kwenye moto wa jirani.

Nje, chini ya dirisha la chumbani, likalia. Tiit-tiit. Halafu mlio mwembamba wa vioo vinavyojikunjua, na mngurumo wa kiti kikirudi nyuma, kikirudi, kikirudi, mpaka kikagota.

"Nimemwambia Baba Kibonge tu kwamba mko hapa," dada alinong'ona, bado kamshika mkono, kamshika kwa nguvu. "Huyo tu. Sitamwambia mtu mwingine, mdogo wangu. Nakuahidi."