Sakafu Inayonukia Majani ya Chai

Jumamosi hiyo Soko la Toi lilikuwa limefurika, watu wamebanana kama punje kwenye gunzi. Mumbi alikuwa ameinama juu ya rundo la mitumba akipekua sketi, akahisi mkono wa sweta lake unalegea. Akautazama. Mkono ulikuwa unapungua.

Lilikuwa sweta la kijani alilofuma mwenyewe mwaka uliotangulia, ule mwaka wa njaa tuliokula unga wa manjano. Sasa uzi wake ulikuwa unakimbia. Ulipita juu ya nyanya za mchuuzi Kalekye, ukazunguka mti wa kibanda cha viatu, ukaingia kichochoro cha wauza makaa. Mumbi akaufuata ameushika kwa vidole viwili, kama mbuzi anayevutwa kamba. Watu walimpisha njia. Huko mwisho wa uzi aliona kitu ambacho hajawahi kukiona: rundo la mbao nyembamba linatembea kwa miguu miwili.

"We mbao, simama," alisema.

Mbao zikasimama. "Nani anaita?"

"Mwenye sweta."

"Sweta gani?"

"Lililokuwa sweta."

Mbao zikashuka chini pole pole, na nyuma yake akatokea kijana mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka mstari umesimama, na uso wa mtu aliyeshtuka. Uzi ulikuwa umenaswa kwenye ukingo wa bati wa ubao wa chini. Aliutazama uzi, akatazama mkono mtupu wa msichana.

"Unanukia chai," Mumbi akasema.

"Ni hizi mbao. Mimi ni kibarua kwenye godauni ya majani chai. Masanduku yakivunjika tunauziwa bei ya kutupa, naenda kutengeneza stuli." Alikuwa tayari anauzungusha uzi kwenye ngumi yake, taratibu, bila fundo hata moja. "Naitwa Nicanor. Naishi Kambi Muru."

"Jina refu kwa mtu anayejificha nyuma ya mbao. Mimi Mumbi wa Kawangware. Nipe uzi wangu."

"Nitakufumia upya."

"Unajua kufuma?"

"Sijui. Lakini nikikupa uzi sasa, nitakuona wapi tena?"

Mumbi alitaka kukasirika akashindwa. Alirudi Kawangware na sweta la mkono mmoja, akicheka peke yake njia nzima.

Mumbi alikuwa akiuza katika duka la hadiwea, vifaa vya ujenzi, la mzee Mburu, na juu ya kaunta kulikuwa na simu nyeusi. Tangu siku hiyo kila saa ya chakula simu ililia, na Mburu alijifunza kuinuka kwenda kuhesabu ndoo.

"Niaje, mwenye mkono mmoja."

"Fiti, mwenye uzi wangu. Umefuma mpaka wapi?"

"Nimefika kwenye kufikiria."

Mumbi alipenda vitendawili, na Nicanor akajifunza kuvitega ili asikate simu mapema. Jumapili walikutana kwenye lango la kanisa, yeye Mumbi na gauni lake la maua madogo, wakatembea Ngong Road wakila mahindi ya kuchoma. Mtu akipendwa hivyo hata moshi wa mahindi unamkaa vizuri.

Jumapili moja Nicanor akamkaribisha kwake. Chumba kilikuwa kidogo, safi, kitanda kimetandikwa, sakafu ya udongo imefagiliwa na kunyunyizwa maji. Lakini udongo ukikauka ni vumbi, na vumbi halina heshima kwa mgeni. Mumbi alikuwa na ugonjwa wa pumu tangu utoto. Kabla hajamaliza kikombe kifua kikaanza kupiga filimbi. Midomo ikageuka rangi. Nicanor akambeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari la hospitali, akimwomba Mungu kwa Kijaluo, na hapo ndipo alipojua kwamba asingeweza kumwacha.

Mama yake Mumbi, Wakarima, alikuwa na ploti yake Kawangware, vyumba kumi vya simiti. Mumbi alipomwambia kwamba wanataka kuoana, alimkalisha jikoni.

"Ukabila mimi sina," alisema. "Mjaluo ni mtu, anamwomba Mungu huyo huyo. Neno langu ni hilo vumbi. Nyumba inayomkaba mwanangu koo, mimi siwezi kumpeleka huko na baraka zangu."

"Basi tupangishe chumba hapa kwako, maitu."

Wakarima alikubali. Haikuwa rahisi kwake. Kesho yake simu ilipolia Mumbi akamweleza Nicanor, naye akatia sarafu nyingine huko kwenye kibanda cha simu.

"Mumbi, mpenzi, kwetu mwanamume haishi kwa mama mkwe. Hata kukaa naye chumba kimoja ni shida. Nitalala vipi mahali anaponisikia nikikoroma?"

"Kwa hiyo kukoroma kwako ni kukubwa kuliko pumzi yangu?"

"Sikusema hivyo. Nipe mpaka Pasaka."

"Ufanye nini?"

"Usiulize. Na usije Kambi Muru mpaka nikuite."

Angemwambia tu, sivyo? Lakini aliona haya. Alikuwa amemwomba mwenye nyumba ruhusa ya kumwaga simiti, akajibiwa kwamba mpangaji akimwaga simiti leo, kesho atasema ploti ni yake. Basi akatazama stuli zake. Mbao ni kitu unachoweza kung'oa ukahama nacho. Ila Kambi Muru nzima hakuna aliyewahi kuona sakafu ya mbao, na kama ingeharibika, kicheko chake kingefika Kawangware kabla yake.

Alianza kwa kusawazisha udongo, akautandikia karatasi ya nailoni unyevu usipande. Juu yake akapanga mbao nene za mraba alizozipaka oili chafu ya gari, mchwa wasipate hamu, na katikati akajaza vumbi la randa lililokauka. Kisha akavunja masanduku, akang'oa bati na misumari, akapigilia mbao mbili mbili, ya juu ikifunika maungio ya chini. Alizibana kabisa, ubao kwa ubao, hata wembe usipite. Ilipokamilika aliitazama akajisikia kama mfalme.

Mvua ya kwanza ya masika ikanyesha siku tatu. Nicanor akatoka kazini akafungua mlango, akakuta sakafu imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe.

Alikaa kitandani na kofia mkononi. Shemeji yake Risper, mke wa kaka yake Jeconia, aliyekaa nyumba ya tatu, akaja kuchungulia. Hakucheka.

"Umezibana sana, shemeji. Mbao zikila unyevu zinanenepa. Hata kanisani watu wakibanwa kwenye benchi, lazima mmoja ainuke."

Nicanor akang'oa zote. Akazipanga upya, kila ubao na mwenzake wakipeana nafasi ya unene wa msumari, na kuzunguka ukuta wote akaacha upana wa kidole. Ili mistari inyooke alifunga uzi wa kijani wa Mumbi kwenye misumari miwili, akauvuta mpaka ukalia kama uzi wa nyatiti, kinubi cha Wajaluo, akapiga ubao kwa kuufuata. Mvua ikarudi. Sakafu haikuinuka.

Jioni hiyo simu ililia kwa Mburu.

"Kitendawili," sauti ya Nicanor ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

"Tega."

"Nikiingia kwangu, wawili wanabaki mlangoni, midomo wazi, hawasemi."

Mumbi akafikiria. "Mbwa."

"Mbwa wanabweka."

"Vyungu. Majirani zako."

"Hao wanasema sana. Nipe mji."

"Nakupa Kawangware, na hadiwea yote, na Mburu ndani yake."

"Nimekwenda Kawangware nikala nikashiba. Lakini jibu nitakupa Pasaka."

"Huo ni wizi. Umechukua mji, toa jibu."

Nicanor akacheka, sarafu zikaisha, simu ikakatika.

Jumapili mbili zikapita bila yeye kufika kanisani. Ya tatu, Mumbi akapika mukimo, akautia kwenye kiondo, akafunga kitambaa puani na mdomoni, akaenda Kambi Muru bila kuitwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Mbele yake, juu ya gunia, palikuwa na viatu vya Nicanor, na kando yake viatu vyekundu vya kike, vyenye kisigino.

Sasa wanangu, niambieni. Nyumba ya udongo, ni nani anayevua viatu mlangoni? Mtu huingia navyo mpaka kwenye stuli. Anayevua ni yule anayekwenda kulala. Mumbi alisimama akivitazama vile viatu, na ndani akasikia mwanamke anacheka, na Nicanor anacheka. Wawili mlangoni, midomo wazi, hawasemi. Jibu likamwingia kama mwiba. Kumbe alikuwa akimcheka kwa simu.

Hakubisha hodi. Alimpa Mzee Wekulo wa jirani kiondo na mukimo wake, akaenda zake.

Simu ikalia kesho yake.

"Mumbi yupo?" 

Mburu akaziba simu kwa kiganja, akamtazama Mumbi, akaizibua. "Anasema hayupo."

"Mwambie basi kwamba nimemaliza."

"Amemaliza," Mburu akasema.

"Hata mimi nimemaliza," Mumbi akasema, akaendelea kupima misumari kwenye mizani, akampa mteja mara mbili ya aliyolipia.

Wiki nzima hakula vizuri. Jumamosi alikuwa Toi, pale pale kwenye mitumba, macho yake yakaanguka chini yakaona viatu vyekundu. Akayainua. Mwanamke mnene mwenye uso wa kucheka alikuwa amebeba kikapu, na ndani ya kikapu, juu ya kopo la vanishi, uzi wa kijani.

"Viatu vizuri, dada," Mumbi akasema, sauti imekauka.

"Ahsante. Alininunulia mume wangu."

"Mume wako anaitwa nani?"

"Jeconia. Kwani kuna nini?"

"Na huo uzi?"

"Huu ni wa shemeji yangu, alinyooshea mbao. Nimetumwa vanishi, eti amemaliza lakini anataka kupaka mara moja tena, akanikabidhi na uzi usibaki nyumbani watoto wakauchezea. Huo uzi analala nao." Risper akasimama, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye mkono mmoja wa sweta. "Ngoja. Wewe ndiye Mumbi wa kifua?"

Mumbi akaitika kwa kichwa.

"Nyako, msichana wewe, mtoto wa wenyewe, tumepiga msasa sakafu ya mbao mpaka magoti yametoka ngozi kwa sababu ya hayo mapafu yako, na wewe unamwambia mtu haupo?"

"Mlikuwa mnapiga msasa? Mlango mmefunga?"

"Vumbi la nje lisishike kwenye vanishi. Na viatu je, tukanyage navyo?"

Mumbi akakaa chini juu ya rundo la sketi. Mwenye mitumba akamwambia anunue au ainuke. Alikuwa analia na kucheka, hakuweza kumaliza lolote kati ya hayo mawili.

Pasaka ilipofika Nicanor akamtuma Risper kuwaita, na Wakarima mwenyewe alivaa koti lake la kijivu na kilemba cheupe, akamshika Mumbi mkono, wakashuka Kambi Muru. Walikuta kichochoro kimejaa viatu. Viatu vya kazi, malapa, viatu vya kanisani, vimepangwa mistari kama watu wanaosubiri mkate. Wenyewe walikuwa ndani, wamesimama kando ya ukuta, hakuna anayesema kwa sauti. Mzee Wekulo alikuwa kizingitini, amekataa kuingia.

"Nimeona kwa macho," alisema. "Miguu yangu haijazoea."

"Kuna ubao huko una maandishi ya sanduku la kwenda ng'ambo kwa meli," mtu mwingine akanong'ona. "Nimekanyaga Landani bila pasipoti."

Nicanor alipomwona Wakarima akatoka mbio, akaenda kusimama nyuma ya nyumba kwa adabu ya mkwe. Majirani wakatoka pia. Mama akavua viatu, binti akavua, wakaingia.

Jua lilikuwa limepitia dirishani likalala juu ya sakafu, na sakafu ikalirudisha juu, mpaka dari la bati likawa na mwanga wa dhahabu unaotetemeka. Mbao zilikuwa na rangi ya asali. Mumbi aliona uso wake chini, na uso wa mama yake. Joto lilikuwa linaitoa harufu ya majani ya chai, kana kwamba mtu amefunua birika kubwa mahali fulani. 

Wakarima akapiga magoti. Akatoa leso yake nyeupe, akaipitisha kutoka ukutani mpaka chini ya kitanda, akaitazama. Nyeupe.

"We kijana," aliuambia ukuta.

"Naam, mama," ukuta ukajibu.

"Hii nafasi kando ya ukuta ni ya nini? Mbao zilipungua?"

"Hapana, mama. Ni ya mvua. Zikinenepa zipate pa kwenda."

"Na mchwa?"

"Nimewawekea oili chafu. Wakija, watarudi kwao."

"Nani alikufundisha?"

"Iliharibika kwanza, mama. Nikang'oa."

Wakarima akaikunja leso. Kisha akamgeukia binti yake. "Pumua."

Mumbi akapumua.

"Si hivyo. Pumua kama mtu."

Mumbi akafumba macho, akavuta pumzi mpaka mabega yakainuka, ikaingia, ikaingia, ikafika mahali ambapo haikuwa imefika siku nyingi. Mama yake aliinamisha sikio kifuani pake kama mtu anayemsikiliza mtoto mchanga. Hakuna filimbi. Nyuma ya ukuta hata Nicanor alikuwa amezuia pumzi yake.

"Ingia, Nicanor," Wakarima akasema.

"Siwezi, mama. Wewe uko ndani."

"Basi mimi natoka."

Akatoka. Nicanor akazunguka akasimama kizingitini, miguu mitupu, uzi wa kijani mkononi. 

"Sijafuma," alisema.

"Nililielewa jibu vibaya," Mumbi akasema. "Lile la mlangoni."

"Na mimi nilipaswa kukupa jibu. Ulikuwa umeshanipa mji."

"Nirudishie Kawangware yangu."

"Sirudishi. Nitachukua na wewe."

Nje, Wakarima alikuwa amevaa viatu vyake. Vya Mumbi vilikuwa vimetupwa ovyo, kimoja huku kimoja kule. Akainama, akaviokota, akavipanga taratibu kando ya vile vikubwa vya Nicanor, vidole vikielekea mlangoni. Akavitazama muda mrefu, vyote vinne, midomo wazi.

"Mumbi, njoo uvae, twende nyumbani," akaita. "Siku watu wa kwao watakapokuja na mbuzi wa mahari, utakuja kuviacha hapo hapo."