Mvua Niachie Mimi

Ukumbi ulikuwa umejaa wafanyabiashara mpaka kiyoyozi chenyewe kikatoka jasho. Kila mtu na beji kifuani, kila mtu anagawa kadi kama karanga. Kando ya meza ya chai alisimama kijana mrefu mwenye suti ya kuazima, mikono ya koti imeishia karibu na kiwiko. Kazi yake kukodisha maturubai na viti vya sherehe, na watu walimwita Turubai. Alikuwa amekunywa chai mpaka tumbo linacheza, na kadi zake zote bado mfukoni.

"Kaka, hiyo meza umeioa?"

Akageuka. Gauni la manjano, hereni ndefu, harufu ya vanila imemtangulia. Msichana huyo alikuwa mpika keki.

"Sijui nianzeje, dada yangu. Nikimuuliza mtu anafanya kazi gani, ananijibu, halafu tunabaki tunatazamana kama tumekwama kwenye lifti."

"Ndiyo kosa lako. Muulize wiki hii kazini ni nini kimemkosesha usingizi. Halafu funga mdomo, usikilize. Na usimwache kabla hujamkutanisha na mtu wa kumfaa. Haya, nijaribu mimi."

"Wiki hii ni nini kimekukosesha usingizi?"

"Oveni imeniunguzia keki ya harusi. Na wewe je?"

"Mvua." Turubai akaweka kikombe chini. "Na kuanzia leo, wewe."

Alicheka mpaka hereni moja ikatumbukia kwenye chai.

Basi, simu zao zikawa zinapata moto wa kupasha kiporo.

"Umekula, sukari yangu?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Muongo wewe!"

"Muongo, lakini wako."

Na Turubai akakolea kwenye mikutano. Yule bubu wa jana sasa angeweza kuongea na nguzo, nguzo ikaomba kadi.

Jioni moja mpika keki alimfuata ukumbini bila kumwambia, keki ndogo mkononi. Alikuwa ametoka kwa shangazi yake, amemweleza kila kitu, na shangazi amekubali kumpokea kijana. Akamkuta ameinama mbele ya mama mmoja wa lulu shingoni, mwenye hoteli.

"Na wewe, kijana, kinachokukosesha usingizi ni nini?"

"Mvua," Turubai akajibu kwa tabasamu. "Na kuanzia leo, wewe."

Mama akacheka, akatoa kadi. Turubai alipogeuka, keki ilikuwa inatoka mlangoni, inarudi nyumbani na mwenyewe.

"Mpenzi, ilikuwa biashara tu!" Turubai alilia kwenye simu. "Haikuwa na maana yoyote!"

"Ndicho kinachoniuma. Kwangu ilikuwa nayo."

"Nakuja sasa hivi."

"Usije."

Alikwenda. Mlango haukufunguliwa. Alipiga simu mpaka namba yake ikafungiwa.

Mwaka ukapita. Ukumbi uleule, meza ileile. Gauni lilikuwa la bluu, vanila haikubadilika. Turubai akavuka ukumbi, na ujuzi wote ukamtoroka njiani.

"Sijalala vizuri tangu siku ile," akasema. "Hili sijamwambia mtu mwingine."

Mkono wa mpika keki ukainuka kuelekea kola yake iliyojikunja, ukasita, ukarudi kwenye mkoba.

"Ungeyasema hayo mlangoni kwangu, ningefungua." Akafuta jicho haraka. "Lakini sikuachi bila kukukutanisha na mtu wa kukufaa."

Akamwita mwanamume mmoja wa miwani. "Mchumba wangu, huyu ndiye wa maturubai niliyekwambia. Hakuna anayekaza kamba kama yeye."

"Afadhali, kaka! Harusi yetu imeangukia msimu wa mvua, silali."

Turubai akamtazama mpika keki, akamtazama na mchumba wake.

"Mvua niachie mimi."

Siku ya harusi ilinyesha mvua ambayo samaki wangeweza kuogelea juu ya mapaa. Ndani ya turubai halikudondoka tone, si kwenye keki, si kwenye shela. Nje nguzo moja iling'oka kwenye tope, na Turubai akaikumbatia, suti imelowa chapachapa, mpaka wimbo wa mwisho.

Bibi harusi aliona vidole vyake tu, kwenye mwanya wa turubai. Akaagiza apelekewe kipande cha keki.

Kilimfikia kimeshalowa. Akakila hivyohivyo, kwa mkono mmoja.