Petro Aliinuka Kuangalia

Alhamisi ilikuwa zamu ya Jenipher kusafisha mahindi ya sadaka. Kila mwaka baada ya mavuno, waumini wa kanisa lao, huko vijijini karibu na Mungaa, wanaleta mahindi, maharage, kuku, hata mbuzi. Jumapili yanapikwa makande, watu wanakula pamoja.

Magunia yote yalikuwa mazuri. Akafika kwenye viroba viwili vya pembeni. Akamimina kidogo kwenye beseni, akatia maji, akaingiza mkono.

Maji yakageuka pinki.

Akanusa. Ile harufu aliijua. Ni ya mbegu za dukani, zile zinazopakwa dawa ili wadudu wasizile. Kuna mtu alikuwa ameziosha na kuzianika, zikapauka, zikafanana na mahindi ya kula. Lakini dawa ilikuwa bado imo.

Stoo ilikuwa chini ya mzee Chediel, mzee wa kanisa. Jenipher akamkuta nje, anagongelea mguu wa benchi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Bado, baba. Nina neno kuhusu vile viroba viwili."

Chediel akashusha nyundo. "Neno la sadaka ni neno la kanisa. Ignas yuko wapi?"

"Mume wangu yuko Itigi, baba. Amefuata asali porini. Simu haishiki."

"Basi akirudi atanieleza. Utaratibu unaujua. Mtume Paulo alishamaliza hilo jambo."

"Baba, njoo uangalie beseni tu."

"Jenipher."

Alivyolitamka hilo jina, mazungumzo yalikuwa yameisha. Jenipher akamwaga yale maji, akaenda zake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kanisani kwao, mwanamke haongei wakati wa matangazo. Akiwa na neno anampa mumewe, na mume ndiye anasimama. Mbuzi wa sadaka walikuwa wanalia humo humo ndani, na hakuna aliyewahi kuwauliza mume yuko wapi.

Jumapili, wakati wa matangazo, Jenipher alisimama na kunyoosha mkono. Mzee Chediel akamwonyesha kiganja: kaa. Jenipher akakaa. Ibada ilipoisha, akawashika wanawe wawili mikono, akaondoka nao wakilia njaa.

Watu kumi na moja waliugua siku hiyo. Walitapika, wakatokwa na jasho na mate mengi. Wakapakiwa kwenye pikapu mpaka hospitali. Kumi walirudi. Maria, mke wa mzee Chediel, ndiye aliyekuwa anaonja makande tangu asubuhi kuona kama yameiva. Yeye hakurudi.

Daktari alisema ni sumu. Watu wakasema kuna mtu aliyeitia sufuriani, wakaanza kutazamana. Kufika Jumatatu asubuhi, majirani watatu walikuwa wameshatajwa majina kisimani.

Siku hiyo hiyo Jenipher alikwenda kwa mwalimu Leah, jirani yake. Leah ni mstaafu, alifundisha dini shuleni miaka mingi. Alikuwa anapepeta alizeti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Nilijua, mwalimu. Nikawatoa wa kwangu tu."

Leah akaweka ungo chini. Jenipher akaeleza yote, beseni, mzee Chediel, kile kiganja.

"Akasema Paulo ameshamaliza," Jenipher akasema.

"Paulo hakumaliza. Ni kweli, kwenye barua kwa Wakorinto imeandikwa wanawake wanyamaze kanisani. Lakini barua ileile, nyuma kidogo, inawaelekeza wanawake wafunike vichwa wakisali na kutoa unabii mbele za watu. Sasa niambie, unabii unautoaje ukiwa umenyamaza? Kwa ishara?"

Jenipher karibu atabasamu. Akakumbuka Maria, akainama.

"Kuna Fibi," Leah akaendelea. "Paulo anawaambia Warumi wampokee, ni mhudumu wa kanisa. Wengi wanaamini ndiye aliyeibeba barua yenyewe. Kuna Prisila. Yeye na mumewe walimchukua mhubiri, mwanamume mzima, wakamfundisha vizuri zaidi. Kuna Yunia. Huyo wanambishania mpaka leo. Wengine wanasema alikuwa mtume, wengine wanasema mitume walimfahamu tu."

"Kwa hiyo mzee Chediel amekosea?"

"Hilo neno hakulitunga yeye. Hata barua kwa Timotheo inamkataza mwanamke kufundisha, na Wakristo wengi wa zamani walilishika hilo kwa nguvu. Wengine waliwaacha wanawake watoe unabii. Wapo wasomi wanaosema yale ya Korinto yalihusu fujo za pale pale tu. Wale wa kwanza hawakukubaliana, Jenipher, na makanisa ya leo hayajakubaliana. Anayekuambia walikuwa na sauti moja, hajasoma barua zote."

"Mimi sitaki kuhubiri, mwalimu. Nilitaka aangalie beseni."

Leah akausogeza ungo pembeni. "Basi kumbuka kaburini kwa Yesu. Waliopeleka habari kwamba kaburi li wazi ni wanawake. Mitume wakaona ni porojo. Lakini Petro aliinuka, akaenda kuangalia mwenyewe." Akamtazama. "Kiroba cha pili kiko wapi?"

"Stoo. Wamesema kesho kipikwe msibani."

"Bwana shamba nitampigia, ila kutoka Ikungi atafika mchana. Sufuria inawekwa asubuhi. Kwa hiyo porojo zako hazijaisha."

Jumanne asubuhi watu walijaa kwa mzee Chediel. Jeneza lilikuwa ndani. Uani kina mama walishakoka moto, na kiroba kiko pembeni. Mzee mmoja akasimama kutangaza ratiba ya mazishi.

Jenipher akasimama na beseni mikononi, ndani yake maji na mahindi ya kile kiroba.

"Mama, kaa," yule mzee akasema.

"Nilikaa Jumapili."

Watu wakamgeukia. Chediel alikuwa kwenye kiti, shuka mabegani, hatazami mtu.

"Baba," Jenipher akamwambia, "mitume walisikia habari kwa wanawake, wakaona ni porojo. Petro aliinuka kuangalia. Mimi sikuombi uniamini. Inuka uangalie."

Kisha Chediel akainuka. Akalifuata beseni, akaingiza mkono kwenye mahindi, akakoroga. Alipoutoa, ulikuwa wa pinki mpaka kwenye kucha.

Akageuka kukitazama kiroba. Kilikuwa na fundo la kamba ya bluu.

"Hii kamba ni yangu," akasema taratibu. "Mvua ilichelewa, nikabaki na mbegu. Nikasema nizitoe sadaka. Nilimwambia Maria azioshe mara tatu." Akarudia, kama anamwuliza mtu: "Mara tatu."

Majirani watatu waliotajwa kisimani walikuwepo, na waliowataja walikuwepo.

Siku hiyo waliozika walikula mihogo. Bwana shamba alipofika alichukua kiroba, akawaambia mbegu ya dawa haiwi chakula, hata ukiiosha siku nzima, hata ukiichemsha. Usile, usiwape kuku, usiitoe sadaka.

Mwezi uliofuata waumini walikaa kikao. Walibishana sana. Juu ya mwanamke kuhubiri hawakukubaliana, na mpaka leo hawajakubaliana. Juu ya matangazo walikubaliana: mwenye neno anasimama, awe yeyote.

Mwezi wa tatu, mama mmoja, Redempta, alisimama akasema nguzo ya kanisa upande wanaokaa watoto imeliwa na mchwa. Wanaume wawili wakacheka. Mzee Chediel akaweka daftari lake chini, akaenda, akaisukuma nguzo kwa mkono. Watoto wakahamishiwa nje. Alhamisi upepo ukaliangusha paa la upande ule, juu ya mabenchi matupu.

Kila Jumapili sasa Chediel anaanza na kina mama. "Kuna neno?" anauliza, kisha anasubiri. Anasubiri muda mrefu kuliko inavyohitajika, na macho yake yanabaki kwenye benchi la pili, pale alipokuwa anakaa Maria.