Nyuzi Thelathini na Saba za Kiini cha Tatu

Mambo manne hayana ubishi, kwa kuwa wote waliokuwepo, kila mmoja akiulizwa peke yake, waliyaeleza vilevile. Kwanza, kompyuta ya wakili Byabato, ofisini kwake mjini Bukoba, ilijizima mara kumi na moja kati ya Jumatatu na Ijumaa. Pili, ilijizima kila ilipofika aya ya saba ya hati ya kiapo ya mjane Anatolia wa kijiji cha Kanazi, wala si mahali pengine popote. Tatu, tangu kilipoanza kusomwa hadi Ijumaa mchana, kipimo kimoja cha joto kwenye kioo cha kompyuta kilisoma nyuzi thelathini na saba, hakikupanda wala kushuka. Nne, chumba kilinuka udongo mbichi. Yaliyobaki yana ubishi.

Byabato hakuwa mtu wa kuamini majini. Alikuwa mtu wa kuuliza: nani ameona, saa ngapi, kulikuwa na mwanga gani? Kwa hiyo kompyuta ilipojizima mara ya tatu alifanya jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya. Aliweka programu ya kupima joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akachukua daftari, akaanza kuandika namba. Prosesa ile ilikuwa na viini vinne, kila kimoja na kipima joto chake. Kiini cha kwanza, cha pili na cha nne vilisoma arobaini na nane kompyuta ikiwa imetulia, vikapanda hadi sabini na moja ikifanya kazi. Cha tatu kilibaki thelathini na saba. Akaweka programu nyingine, kwa kuwa ushahidi wa shahidi mmoja huhitaji kuungwa mkono. Ya pili ikampa namba tofauti kwa viini vile vitatu, na kwa kile cha tatu ikampa ileile.

"Nieleze kwa Kiswahili cha kawaida," alimwambia fundi Faruku kwa simu. "Sabini na moja ni ugonjwa?"

"Sio mtu huyo, Wakili. Sabini ni kazi tu. Ikikaribia mia ndipo inajizima ili isiungue."

"Haijafika mia hata mara moja, na inajizima."

"Basi sio joto."

"Na kiini cha tatu?"

"Sensa, kile kipima joto chake, imeganda. Inatokea. Umemhoji shahidi siku nne, mwache apumzike."

Byabato alikata simu bila kuaga. Maombi ya Anatolia ya kuzuia asiondolewe kwenye kibanja, shamba la migomba la marehemu mumewe Philbert, yalitakiwa kuwasilishwa Ijumaa ile, na mfumo wa mahakama wa kupokea hati mtandaoni ulikuwa ufungwe saa kumi kamili kwa matengenezo. Yakikosa kuingia, shemeji yake, Avit, angeingia Jumatatu na panga kwenye migomba. Byabato alikuwa amejaribu kuihamisha hati kwenye flashi, kompyuta ikajizima. Akajaribu kuichapa, ikajizima.

"Thelathini na saba ni joto la mtu," alisema karani wake, Ashura, kwa sauti ya chini. Tangu Jumatano alikuwa amehamishia kiti chake karibu na mlango.

"Ni joto la maji ya kuogea pia, Ashura."

"Maji ya kuogea yanapoa."

Faruku alifika Ijumaa saa saba mchana. Alichomoa waya wa umeme ukutani, akaing'oa prosesa, akaishika kiganjani huku akifuta grisi kuukuu. Robo saa nzima ile kompyuta ilikuwa bati tupu. Hilo Ashura aliliona, Byabato aliliona, na Anatolia, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na khanga yake begani akisubiri kuambiwa kama bado ana nyumba, aliliona pia. Fundi aliporudisha kila kitu na kuiwasha, Byabato alifungua kumbukumbu za ile programu, akitarajia kukuta pengo.

Hakukuwa na pengo. Viini vitatu havikuwa na namba, kama ilivyostahili. Kiini cha tatu kilikuwa na mistari, mamia ya mistari, na tarehe zake zilikuwa za miaka miwili iliyopita.

"Betri ya saa imekufa," alisema Faruku upesi. "Tarehe zinaruka. Na programu ikikosa namba, inajaza kwa namba ya mwisho."

"Namba ya mwisho ni thelathini na saba," alijibu Byabato. "Hizi zinashuka."

Faruku aliinama kusoma.

Byabato alizijua tarehe zile kwa moyo, maana yeye ndiye aliyeziandika katika aya ya saba: kwamba Philbert alifariki Jumanne jioni, kwamba dole gumba lake lilibandikwa kwenye hati ya mauziano ya kibanja Jumatano asubuhi, akiwa maiti, kwamba alizikwa kibanjani Jumatano hiyohiyo saa tisa alasiri. Avit, katika kiapo chake cha kujibu, alisema ndugu yake alibandika dole mwenyewe, na kwamba mkono ulikuwa na joto. Sasa kidole cha Byabato kilikuwa kikishuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari, Jumanne usiku thelathini na saba, Jumatano asubuhi thelathini na saba, Jumatano saa tisa, saa ya kuteremsha jeneza, thelathini na saba, saa mbili usiku thelathini na saba, saa nane usiku thelathini na saba, na harufu ya udongo ikawa nzito kiasi kwamba Ashura alifunika pua kwa mtandio wake huku akisoma aya za Kurani kimoyomoyo, hadi Alhamisi saa kumi alfajiri ambapo namba zilianza, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi asizoziona, kwenda thelathini na sita, thelathini na nne, thelathini na moja, ishirini na sita, hadi ishirini na moja, joto la ardhi yenyewe, zikabaki hapo.

Alimgeukia Anatolia.

"Mama, siku ile ulimgusa?"

"Sikumgusa. Avit alisimama mlangoni. Alisema mume wako amekwisha kufa, nenda ukae na wanawake."

"Kwa hiyo hujui kwamba alifariki Jumanne. Uliambiwa."

"Niliambiwa."

Byabato alijikasirikia. Kwa mkono wake aliandika 'ninajua' pale palipotakiwa 'niliambiwa', kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefelishwa nalo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna sheria iliyomlazimisha kuuliza.

"Na usiku wa Jumatano?"

Mjane alijifunika vizuri khanga yake begani.

"Kuligongwa," alisema. "Kwenye migomba, upande wa kaburi. Kama mtu anagonga ubao kwa ngumi. Avit alisema ni jini linajifanya marehemu, atakayefungua mlango litamwingia. Tukakaa. Kulipokaribia kupambazuka likanyamaza."

"Mlikuwa wangapi?"

"Tisa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi. Byabato aliifuta aya ya saba, akaandika: niliambiwa na shemeji yangu Avit. Kompyuta haikujizima.

"Kuhusu huko kugongwa, mama, si lazima. Haisaidii shauri la ardhi, na watakuuliza maswali mabaya."

"Andika."

"Mama Anatolia."

"Andika, Wakili. Andika kwamba nilikuwa macho."

Aliandika aya ya nane. Anatolia aliapa mbele ya kamishna wa viapo wa ofisi jirani, hati ikachapwa na kusainiwa, na saa kumi kasoro dakika nne mfumo ukaipokea. Kiini cha tatu kilikuwa kikisoma arobaini na tisa, kama wenzake.

Fundi ana maelezo yake: sensa mbovu, betri ya saa iliyokwisha, faili zito. Kila jambo linatosha kwa sehemu yake, na Byabato hajaweza kulipinga hata moja. Zile namba si ushahidi, na hakuna jaji atakayezipokea. Lakini aya ya nane imeapiwa na mtu mwenye akili timamu, na Avit naye ameapa kwamba mkono ule ulikuwa na joto. Basi wewe uliyesikiliza, amua kilichogonga Kanazi kilikuwa nini; na kabla hujajibu, zingatia kwamba watu tisa walishalijibu swali hilo, wakiwa wameketi ndani, mlango umefungwa.