Ehe, Mwanangu

Hebu tulia kidogo uone chumba cha mbele cha nyumba moja, mlango wake wazi kwa barabara, na jua la saa tisa alasiri limeingia hadi katikati ya sakafu. Ndani mna cherehani mbili: moja ya kushonea, na nyingine ya ovaloki, ya kuziba kingo za kitambaa, ile yenye kelele za kusaga meno. Sare za shule ambazo hazijaisha zimerundikana hadi usawa wa kiuno. Mezani, simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, na ndani ya simu mama mtu mzima anaongea kwa raha zake: kuku amehama kiota, jirani ameanika nguo na mvua inakuja, bati la jikoni limeanza tena kupiga makofi. Mwanamke aliye kwenye cherehani ameinamisha kichwa. Hajainua macho. Ni picha ya kawaida tu, nawe umewahi kuiona.

Mwanamke huyo mtaa mzima ulimwita Fundi. Mama yake aliishi peke yake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kaka yake, mwashi, aliishi kule kazi ilikomwita, leo mji huu, kesho ule. Kwa hiyo Fundi alikuwa amemnunulia mama simu ya kupigia kwa mtandao, akaketi naye kitandani jioni nzima akimfundisha.

"Ya kijani unapokea. Nyekundu unakata."

"Na hivi vidude vingine?"

"Hivyo viache, mama. Vitakusumbua bure."

"Kumbe umeniletea nusu ya simu," mama alisema, akacheka hadi akakohoa.

Tangu siku hiyo, kila saa tisa alasiri, mama alipiga. Hakupiga kwa shida. Alipiga kama watu wengine wanavyofungua redio. Mwanzoni Fundi alisimamisha kazi akaongea naye. Lakini kazi nayo ni bwana asiyengoja, na siku moja akaongea huku anashona.

"Mwanangu," mama akauliza, "uko kazini au uko vitani? Hiyo mashine inanitoboa sikio."

Hapo ndipo Fundi alipoanza kuzima maiki. Ilianza kama adabu, sitaki kumsema vibaya. Alimwacha mama aongee kwenye spika, yeye akashona, na kila baada ya dakika kadhaa alinyoosha kidole, akafungua maiki, akasema "Ehe, mama," akaifunga. Mama alipovuta pumzi ndefu, alifungua akasema, "Sawa, mama. Sawa." Baada ya miezi michache kidole kilikuwa kimezoea njia, kama mguu ulivyozoea pedali. Hakuhitaji tena kusikia ili aitikie. Wateja waliokaa kwenye benchi wakingoja nguo ndio waliomsikiliza mama kuliko yeye. Walicheka vichekesho vyake, wakajua hata jina la jogoo.

"Fundi, mama yako amekuuliza kama umekula," mteja mmoja alimwambia siku moja.

"Mwambie nimekula," Fundi akajibu, sindano mdomoni, na benchi zima likacheka.

Siku yenyewe ilikuwa siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Sketi thelathini na nane zilikuwa hazina pindo. Mama alipiga saa tisa kamili. Kwenye benchi alikuwapo mtu mmoja tu, mwalimu wa chekechea wa mtaa wa pili, akisubiri gauni lake lipunguzwe kiunoni. Fundi alilipunguza, kidole kikienda na kurudi: ehe, mama; sawa, mama, sawa. Mwalimu alipopewa gauni aliondoka. Fundi akavuta ovaloki karibu. Mama akaendelea kuongea. Kidole kikaenda, kikarudi. Ehe, mama. Kikaenda, kikarudi. Sawa, mama. Sawa.

Sketi ya mwisho ilipoisha, Fundi aliinua simu. Ilikuwa imehesabu saa mbili na dakika kumi na saba.

"Haya mama, nikuache upumzike."

Upande wa pili kimya. Mama alikuwa na desturi ya kusinzia kwenye kiti. Fundi akatabasamu, akakata.

Asubuhi jirani alimkuta mama kwenye kiti kilekile. Simu ilikuwa mapajani. Mikono ilikuwa juu yake, kama mtu aliyeambiwa angoje.

Msibani, shangazi yao alimshika Fundi mkono mbele ya watu wote. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeongea naye mwisho. Tuambie basi, alisema nini?"

Fundi alitafuta kichwani mwake sentensi moja, hata neno moja, la zile saa mbili. Alikuta muungurumo wa ovaloki.

"Alitubariki," akasema. "Mimi na kaka. Alisema ametusamehe yote."

Shangazi akalia kwa faraja, akayarudia maneno hayo kaburini kwa sauti, na kaka yake akainamisha kichwa akayapokea kama mtu anayepokea maji. Fundi alisimama hapo akisikia uongo wake unavyotiririka kutoka mdomo hadi mdomo. Hakuna aliyemshuku. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Alirudi kazini. Wiki ya tatu, alasiri, jua likiwa palepale sakafuni, simu ikaita.

Ilikuwa picha ya mama.

Fundi aliitazama hadi ikakaribia kukatika. Akasema moyoni, ni kaka huyo, amewasha simu ya marehemu. Akapokea.

"Kaka?"

Hakuna sauti. Namba za muda zilianza kutembea. Chini ya picha palikuwa na alama ndogo ya maiki iliyokatwa mstari. Upande wa pili walikuwa wamezima maiki.

"Kaka, usinifanyie hivi."

Kimya. Dakika tatu. Nne. Kisha ile alama ikatoweka.

"Ehe, mwanangu."

Alama ikarudi.

Ilikuwa sauti ya mama. Si sauti ya ugonjwa wala ya kaburini. Ilikuwa ya kawaida. Ya mtu aliyeshughulika na jambo lingine.

Fundi alikata simu, akampigia kaka yake.

"Simu ya mama iko wapi?"

"Ninayo. Iko kwenye sanduku langu la vifaa, chini ya mwiko wa kujengea. Mbona?"

"Umeiwasha?"

"Niiwashe na nini, dada? Chaja ilibaki kwa mama. Imezimika tangu tulipozika. Umelala vizuri lakini?"

Kesho yake saa tisa, ikaita. Kesho kutwa pia. Fundi alijaribu kuizima simu, na alipoiwasha jioni alikuta imeandikwa kwamba amepokea, na wameongea saa mbili na dakika kumi na saba. Akaona heri apokee kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya tano aliondoa mguu kwenye pedali, akafunga mlango, akaweka simu mezani.

"Mama, ni mimi. Siku ile ulisema nini?"

Alama ya maiki iliyokatwa.

"Niambie tu. Hata kama ni habari za kuku."

Dakika saba.

"Ehe, mwanangu."

"Mama, nakuuliza. Ulisema nini?"

Dakika tisa. Kumi. Alama ikatoweka.

"Sawa, mwanangu. Sawa."

Na nyuma ya sauti hiyo, kabla maiki haijafungwa, Fundi alisikia kitu. Kazi inaendelea. Sauti ya kukwaruza, taratibu, bila haraka, kama mtu anayefukua kwa kucha.

Usiku huo hakupika. Ndipo alipomkumbuka mwalimu wa chekechea.

Alimkuta asubuhi uwanjani, amezungukwa na watoto, anamfunga mmoja kamba za viatu. Walisalimiana. Mwalimu akampa pole, akataka kumpa kiti. Fundi alikataa kukaa.

"Mwalimu, siku ile ulipokuja kuchukua gauni. Ulimsikia mama yangu?"

"Nilimsikia. Nani asiyemsikiliza mama yule."

"Alisema nini?"

Mwalimu alimtazama kwa mshangao, bila ubaya wowote. "Si ulikuwa unamjibu?"

Mwalimu akaachilia kamba za viatu. Uso wake ukabadilika polepole, kama wa mtu anayesoma barua isiyokuwa yake.

"Nilidhani umesikia," akasema kwa sauti ya chini. "Uliitikia."

"Niambie, mwalimu."

"Alisema kifua kinambana tangu asubuhi. Alisema mkono mmoja umekufa ganzi. Akakuuliza, 'Nimgongee jirani ukuta, au nitulie tu kipite?' Ukasema ehe. Akauliza, 'Nitulie?' Ukasema, 'Sawa, mama. Sawa.' Akasema, 'Haya, ukisema wewe basi nitatulia.' Nikajua mnaelewana, labda ni maradhi yake ya siku zote. Nikachukua gauni langu nikaenda. Dada, kweli, nilidhani umesikia."

Mtoto mmoja alivuta sketi ya mwalimu akataka kuonyesha mchoro wake. Mwalimu alimwambia, "Ehe, mzuri," bila kuutazama. Kisha akajisikia alivyosema. Akapiga magoti palepale, akauchukua mchoro kwa mikono miwili, akautazama.

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu. Saa tisa simu ikaita. Akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mama. Nimejua. Uliniuliza, nami sikukusikiliza. Nilikuambia utulie, ukatulia. Kisha nikasimama msibani kwako nikasema umetubariki. Mama, nisamehe."

Maiki iliyokatwa.

"Nisikie mara moja tu. Kisha nifanye utakavyo."

Chumba kilikuwa cheupe kwa jua. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Namba zilitembea. Ishirini. Thelathini. Alilia hadi machozi yakaisha, akabaki na kwikwi. Alisema tena. Alisema kwa maneno mengine. Alieleza sketi, kelele, uchovu, shule zinazofunguliwa. Alijisikia akieleza, akaona aibu, akaanza upya.

Saa ya kwanza ikapita.

Alama ikatoweka.

"Ehe, mwanangu."

"Umenisikia? Mama, umenisamehe?"

"Sawa, mwanangu," ilisema sauti ile ya upole, ya mtu mwenye kazi mkononi. "Sawa."

Maiki ikafungwa.

Fikiria hapo. Neno alilolitafuta alikuwa amepewa. Sawa. Lakini yeye, kuliko mtu yeyote duniani, alijua neno hilo linavyosemwa na mtu ambaye hajasikia. Basi akabaki hana njia ya kujua. Wala kesho yake hakujua, wala mwezi uliofuata.

Kaka yake alikuja baada ya mteja mmoja kumtafuta na kumwambia, "Mwangalie dada yako, duka limejaa vumbi." Alimkuta Fundi amekaa mbele ya meza, mikono mapajani, simu imeegemezwa kwenye kopo, anazungumza. Anazungumza kwa upole, kuhusu hali ya hewa, na wateja waliohama. Anasita. Anangoja. Anaendelea.

"Unaongea na nani?"

"Subiri, kaka. Atafungua sasa hivi."

Kaka yake aliona picha ya mama kwenye kioo. Aliona namba zinatembea. Alitoka, akaenda kwenye gari alilokuja nalo, akarudi na sanduku lake la vifaa, maana mwashi hatembei bila sanduku. Alitaka kumwonyesha kwa macho yake kwamba simu ile imekufa. Akalifungua sakafuni, juani. Akaondoa mwiko, akaondoa uzi, akaondoa pima maji.

Simu ya mama ilikuwa chini kabisa, ndani ya soksi aliyoifungia mwenyewe. Kioo kilikuwa cheusi. Akabonyeza pembeni, haikuwaka. Akabonyeza tena. Haikuwaka.

"Unaona?" akanong'ona.

Kisha vidole vyake vikahisi jambo. Simu ilikuwa na joto, kama iliyotoka sasa hivi sikioni mwa mtu. Na pale chini ya kioo, mahali pa kidude cha maiki, kimoja kati ya vile mama alivyoambiwa aviache, kioo kilikuwa kimelika. Hakikuvunjika. Kilikuwa kimelika taratibu, kikawa na shimo laini la kutosha dole gumba, kama ngazi ya jiwe inavyolika kwa kukanyagwa miaka na miaka. Ndani ya shimo hilo ilionekana mistari myembamba ya ngozi, alama ya dole gumba la mama.

Kaka yake aliirudisha kwenye soksi. Mezani, kutoka kwenye simu ya Fundi, sauti ikasema, "Ehe," na ikanyamaza.

Nakuomba jambo moja tu, ndugu yangu, nalo si kubwa. Leo au kesho atapiga mtu anayekupenda, na mikono yako itakuwa na kazi. Kabla hujamwambia sawa, kumbuka kumwuliza amesema nini.