Kikombe Kimoja kwa Siku

Cherehani ilianza kulia kabla chai haijachemka. Fundi alikuwa na sare kumi na mbili za shule za kumaliza. Uani, mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa akianika godoro.

"Leo tena?" Fundi aliuliza.

"Leo tena. Mjukuu wangu ana mto wa maji tumboni, kitanda hakikauki. Sheria ni ileile: kikombe kimoja cha maji asubuhi, basi mpaka kesho."

Mjukuu mwenyewe, mtoto wa Fundi, aliitwa Kijino, kwa sababu jino lake jipya la mbele lilikuwa linachungulia. Alikuwa na miaka minane. Hospitali walishasema ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Vidonge alimeza kila siku. Hata hivyo, kila mwezi maumivu yalimwangusha: mikono, miguu, mgongo. Muhula huo alikosa shule siku kumi na tisa. Mwalimu hakuficha neno. Akiendelea kukosa hivyo, atarudia darasa.

Asubuhi hiyo aliingia mteja mwenye koti jeupe lililochanika mfuko. Watu walimwita Mama Hadubini. Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya damu ya watoto, na ugonjwa wa Kijino aliujua. Alichungulia damu kwa hadubini, chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujazimaliza tu damu za watu?"

"Mwaka wa ishirini na mbili huu, Bibi, na bado sijashiba."

Bibi alicheka mpaka akaegemea mlango. Mama Hadubini naye alicheka, kisha akamtazama Kijino aliyekaa chini ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mbona midomo imekauka? Amekunywa nini tangu aamke?"

"Kikombe kimoja," Bibi alijibu kwa fahari. "Anakojoa kitandani. Bomba nimelifunga mwenyewe."

Mama Hadubini aliliweka koti mezani. "Fundi, nipe vifungo. Na zile kulabu za kufungia magauni."

Alikunja karatasi kama mrija. Akamimina vifungo. Vilipita vyote, vikiteleza. Akamimina kulabu. Zilishikana katikati, na mrija ukaziba.

"Chembe nyekundu za damu ni za mviringo," alisema. "Zinapita kama vifungo. Za Kijino zinaweza kujikunja kama kulabu hizi. Zikikwama, damu haipiti, na hapo ndipo panapouma. Mwili ukikosa maji, zinajikunja zaidi."

Bibi alikaa kwenye kigoda. Kicheko kilikuwa kimekatika.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuumiza?"

"Ugonjwa alizaliwa nao, Bibi. Aliurithi kwa baba na mama, wote wawili. Lakini kiu huuchochea."

"Na kitanda je?"

"Figo zake haziwezi kubana maji kama zetu. Hata umnyime, atakojoa tu. Si uvivu, wala si utundu."

"Haya yote umeyaona kwenye hadubini?" Fundi aliuliza.

"Hapana. Miaka mitano ya kwanza niliangalia vitone vya damu tu. Siku moja mama mmoja akaniuliza, kwa kuwa mwanawe anakojoa kitandani, aendelee kulala na kiu? Damu ya mtoto yule niliijua chembe kwa chembe. Kwamba ana kiu, sikujua. Tangu siku hiyo, kabla sijashika sindano, nauliza amekunywa nini."

Bibi aliinuka. Alirudi na jagi zima la maji.

"Taratibu, Bibi, usimzamishe. Kidogo kidogo, mchana kutwa. Asilowe mvua, asipigwe na baridi. Vidonge visikatishwe hata akiwa mzima. Na akipata homa, hospitali siku hiyohiyo. Msingoje kuche. Kitandani tandikeni nailoni chini ya shuka."

Kijino alianza kwenda shule na chupa ya maji. Mwalimu alimruhusu kunywa na kutoka wakati wowote. Wenzake wakamwita Bomba.

"Siku mkiwa na kiu mtaniamkia," aliwajibu.

Maumivu hayakuisha kabisa. Siku moja alipata homa. Fundi aliacha sindano imesimama ndani ya kitambaa, akambeba mtoto mpaka hospitali. Alitibiwa mapema, akalala huko siku mbili. Muhula huo uliofuata wote alikosa shule siku tatu tu.

Siku ya matokeo, jirani alimkuta Bibi uani akianika shuka.

"Kumbe hajaacha kukojoa," jirani alisema. "Si ungerudisha ile sheria yako?"

"Amepanda darasa," Bibi alijibu, akikung'uta shuka. "Mimi kufua naweza. Kuumwa kwa niaba yake siwezi."

Kisha akamwita Kijino aje anywe maji.